Maji Yaliyofungwa Ndani ya Mwamba

Kila inapotoka habari kuhusu maji yaliyo kina kirefu cha dunia, wasomaji huchorewa bahari iliyofichwa chini ya miguu yetu. Picha hiyo hunikera, kwa sababu huko hakuna ziwa wala mto: kuna haidrojeni iliyoshikamana na oksijeni ndani ya fuwele za mwamba mgumu.

Haidrojeni hiyo hutoka baharini. Maji hupenya kwenye nyufa za bamba la sakafu ya bahari (kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea), yakakutana na olivini, madini ya kijani ya mwamba huo, na kuigeuza kuwa serpentini, madini ambayo takriban asilimia 13 ya uzito wake ni maji. Bamba hilo linapozama chini ya jingine, serpentini huvunjika joto likifika nyuzi 600 hadi 700 hivi za selsiasi, na maji yanayotoka huurahisishia mwamba wa juu yake kuyeyuka. Ndiyo asili ya volkano nyingi zinazoizunguka Bahari ya Pasifiki.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo huamuliwa kama maji yatatoka au yataendelea kushuka. Bamba changa lenye joto, kama lile linalozama chini ya pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani, hupoteza sehemu kubwa ya maji yake mapema, ilhali bamba kuukuu na baridi, kama la Tonga, huweza kufikia mgandamizo mkubwa kabla halijapata moto, na hapo serpentini huyapokeza maji kwa madini mazito zaidi, kama mkimbiaji anayekabidhi kijiti.

Katika kina cha kati ya kilomita 410 na 660, olivini hugeuka madini mazito zaidi, wadisleyiti, kisha ringiwuditi, ambazo zaweza kubeba maji ya asilimia 2 hadi 3 ya uzito wao. Mwaka 2014 mwanajiolojia Graham Pearson na wenzake walieleza chembe ya ringiwuditi, isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita, ndani ya almasi ya kahawia kutoka Juína, Brazili, ambayo sonara asingeitazama mara mbili. Chembe hiyo ilikuwa na maji kiasi cha asilimia 1.4. Chembe moja, naam, haiwezi kusemea ukanda mzima.

Chini ya kilomita 660 hutawala madini mengine, brijimaniti, ambayo hupokea maji kidogo mno, kwa hiyo mwamba wenye maji ukivuka mpaka huo huyaachia, na sehemu yake ndogo huweza kuyeyuka papo hapo.