Mbili kwa moja, Bhubaneswar

Jioni ya tarehe 13 Desemba 2018, tuktuk ilitushusha mbali na uwanja wa Kalinga kwa sababu umati ulikuwa umeziba barabara. Nilikuwa mwanafunzi mjini Bhubaneswar, jimbo la Odisha, na wanadarasa wenzangu wawili walikuwa wamenipaka mashavuni rangi za bendera ya India. Usiku ule India walikuwa wakutane na Uholanzi, robo fainali ya Kombe la Dunia la hoki ya wanaume, kombe ambalo hawakuwa wamelishika tangu 1975.

Njiani niliwaambia kwamba Kenya iliwahi kufika nusu fainali. Wakadhani natania. Siwalaumu, kwani kati ya timu 16 zilizokuja, Afrika ilikuwa na Afrika Kusini peke yake. Lakini iliniuma. Baba yangu utotoni aliokota mipira kandokando ya uwanja wa City Park, Nairobi, na kwetu Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona lilisimuliwa mezani mpaka nikalijua kwa moyo: nahodha Avtar Singh Sohal, Hispania kutufunga 1-0 nusu fainali, kisha India kutunyang'anya nafasi ya tatu kwa 2-1 katika muda wa nyongeza. Nafasi ya nne duniani. Na mimi hapo nimepakwa rangi za waliotufunga.

Kabla ya mechi uwanja ulimwagiwa maji mpaka ukang'aa kama sakafu iliyodekiwa. Dakika ya 12 Akashdeep Singh akafunga. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mzee mmoja nisiyemjua alinikumbatia, ngoma zikalia, na nikajikuta napiga kelele na wenyeji kama mwenyeji. Kipindi cha kwanza kati ya vinne kikiwa karibu kwisha, Thierry Brinkman akasawazisha. Vipindi viwili vilivyofuata vilikuwa vya kutafutana tu.

Dakika ya 50 Uholanzi walikuwa na penalti kona, pigo la adhabu la hoki. Wahindi wanne pamoja na kipa wakajipanga nyuma ya mstari wa goli, wamevaa barakoa usoni. Mpira ukasukumwa kutoka pembeni, ukatulizwa, Mink van der Weerden akauburuta kwa gongo na kuurusha. Kabla sijaona ulikopita, ulikuwa wavuni.

Ngoma zilinyamaza zote kwa pamoja. Tulisimama hivyo hadi kipenga cha mwisho, na hata baada yake watu hawakuondoka. Yule mzee alikuwa amekaa, viganja juu ya magoti, akitazama uwanja uliokwisha kuwa mtupu. Mbili kwa moja. Nilitamani kumwambia kuwa tarakimu hizo nimelelewa nazo, ila Kiodia changu kilikuwa cha kununulia mboga. Nikaketi karibu naye.

Nje nilimpigia Baba. Nairobi ilikuwa bado jioni.

"India wametolewa," nikamwambia. "Mbili kwa moja."

Akanyamaza. Nilitarajia afurahi, maana miaka 47 alikuwa na deni nao.

"Watu wa hapo wanalia?"

"Wanalia, Baba."

"Pole zao." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "La pili limefungwaje?"

Nikamweleza ile penalti kona. Akanikatiza: enzi zao mmoja aliuzuia mpira kwa mkono, mwingine akaupiga, na uwanja ulikuwa nyasi halisi, sio zulia la kumwagiwa maji. Huyo Mholanzi aliinama kiasi gani? Mguu upi ulitangulia? Salio langu lilikuwa linayoyoma, wenzangu wananivuta mkono twende, na yeye anasema, "Ngoja kwanza. Anza tena pale mpira unaposukumwa. Polepole."