Naomba Laini ya Faksi

Meli ya MV Victoria ilitufikisha Mwanza asubuhi na mapema tukitokea Bukoba. Ilikuwa mwaka 2002, na ripoti yangu ilitakiwa Dar es Salaam kabla ya saa sita mchana. Chai niliiacha, nikatafuta chumba cha hoteli upande wa Capri Point, niitume kwa laptopu kupitia laini ya simu.

Simu ya chumbani ilikuwa na kioo cha namba na vitufe tele. Hizo ndizo nilizokuwa nikiziogopa. Mara nyingi huendeshwa na swichibodi ya dijitali, yaani mtambo wa simu za ndani ya hoteli, na tundu lake ukutani halitofautiani na la laini ya kawaida. Plagi ya modemu, kifaa cha kompyuta cha kutuma data kwa laini ya simu, inaingia vizuri kabisa. Kasheshe iko kwenye umeme. Modemu ya laptopu ilikuwa ya laini ya analogi, ile ya simu ya kawaida, ambayo hupitisha kama miliampea 20 hadi 50 wakati wa maongezi. Laini ya dijitali inaweza kusukuma zaidi ya 100, modemu ikaungua kabla hata haijamaliza kupiga namba. Nikachomeka kipimo changu cha laini, kidude cha kuenea kiganjani. Taa nyekundu: hatari. Nikashuka mapokezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chumba kina shida?"

"Chumba kizuri. Naomba laini ya faksi, dakika kumi tu."

"Faksi ya nini, na simu unayo?"

"Ile itaniunguzia kompyuta, mama."

Alinitazama kama mtu anayepimwa akili, kisha akasogeza kiti. "Haya. Lakini dakika naziandika."

Mashine ya faksi nayo hutaka analogi, kwa hiyo inapofanya kazi faksi, modemu iko salama. Taa ya kijani ikawaka. Hata hivyo modemu iligoma, maana mlio wa swichibodi wa kuashiria laini iko tayari haukuwa ule inaoujua. Nikaiondolea sharti la kusubiri mlio, nikaandika 9 ya kutokea nje, na koma baada yake ili itulie sekunde mbili kabla ya namba. Ikaanza kupiga kelele zake, mama akacheka.

Ripoti ilikuwa imeshaondoka radi ilipopiga ziwani. Nikachomoa waya wa simu na wa umeme papo hapo. Nyaya za nguzoni huleta radi hadi mezani, na kipimo changu hakizuii hilo.

"Dakika kumi na nne," mama akasema, akiandika.