Skrini iliyopepesa kila Kapteni alipofungua mdomo

Kapteni alipoileta ile Cessna 206 karakanani kwetu Kisongo, malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Skrini ya juu inapepesa nikikaribia kutua." Akaandika hivyo hivyo kwenye kitabu cha kasoro, akatia sahihi, akaenda kunywa chai. Mzee, ambaye ndiye mhandisi mwenye leseni na ndiye anayenifundisha kazi, akanisukumia kile kitabu. "Haya dogo, mambo ya umeme ni yako."

Ndege yenyewe ni ya viti sita, injini moja, umeme wa volti 28. Vyombo viwili vya zamani vya jairo, vile vyenye gurudumu linalozunguka kwa kasi ndani, vilishatolewa, zikawekwa skrini mbili ndogo za inchi 3.5, moja juu ya nyingine, mbele ya rubani. Ya juu inamwonyesha upeo wa macho, kama ndege imelala upande au imeinua pua. Ya chini inaonyesha uelekeo. Kila moja imebeba betri yake mgongoni, ili umeme wa ndege ukikatika rubani asibaki kipofu. Kabla ya kuhamia Arusha, ndege hii iliishi miaka mingi pwani ikienda Zanzibar na Mafia. Hilo nililisoma kwenye kumbukumbu zake siku ile ile, nikalipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani.

Mzee alianza na jua. Rubani akitua jioni kuelekea magharibi na kupunguza nguvu, mapanga ya propela yanakatiza mwanga wa jua, na kila kilicho ndani kinaonekana kinacheza. Ni kweli hutokea, nimewahi kuliona. Lakini Kapteni akasema ilipepesa hata siku ya mawingu mazito, saa nne asubuhi. Jua likaondoka kwenye orodha.

Mimi nikaenda kwenye plagi. Nikachomoa skrini ya juu, nikaangalia pini moja moja kwa tochi na kioo cha kukuzia, nikasafisha, nikavuta kila waya polepole kuona kama kuna uliolegea. Hakuna. Nikarudisha, nikawasha betri, nikaitazama skrini dakika ishirini nzima. Haikupepesa hata mara moja. Nikagonga dashibodi kwa ngumi. Wapi! Kapteni akaruka nayo siku mbili, akarudi na sentensi ile ile.

Hapo ndipo nilipokaribia kufanya kosa. Nilimwambia Mzee tuagize skrini mpya. Kwa bei yake unapata bodaboda mbili mpya na chenji inabaki. Mzee hakunibishia, aliniuliza tu: "Ikipepesa, inazima na kuwaka, au inafifia?" Sikujua. "Na ya chini?" Sikujua pia. Akaniambia nikapande ndege.

Kesho yake asubuhi nikakaa kiti cha kulia, Kapteni kushoto, Mlima Meru ukiwa wazi bila hata shuka la wingu. Tulizunguka uwanja mara tatu. Kuruka, hakuna kitu. Kugeuka, hakuna kitu. Akashusha flapu za mabawa, nikakaza macho, hakuna kitu. Kisha akabonyeza kitufe cha kuongelea kwenye usukani, akaanza kuwaambia waongozaji wa mnara kwamba yuko tayari kutua, na mwanga wa skrini ukaanza kucheza. Haukuzima. Ulishuka, ukapanda, ukashuka, ukifuata maneno yake. Aliponyamaza ukatulia. Na ya chini ilikuwa inafanya vilevile!

"Kapteni, zote mbili zinapepesa."

"Ya chini siiangalii wakati huo, kijana wangu. Natafuta uwanja."

Kumbe kutua hakukuwa na kosa lolote. Ni kwamba rubani akikaribia kutua ndipo anaongea sana. Na skrini mbili hazishikwi na ugonjwa mmoja saa moja kwa bahati mbaya. Kuna kitu zinachangia.

Pale mtaani kwetu kuna jirani mwenye mashine ya kuchomelea mageti. Akigusa chuma, taa za nyumba zote zinainamisha kichwa. Hatukuwahi kununua balbu mpya kwa sababu ya huyo jamaa. Nilijiona mjinga kidogo nilipokumbuka.

Redio ya ndege inapokusikiliza tu haili umeme wa maana. Ukibonyeza kitufe ikaanza kurusha, ya kwetu inakula kama ampea nne. Tena redio za ndege, zile za masafa ya megahezi 118 hadi 137, zinatumia mtindo wa AM, yaani sauti yako ndiyo inayopandisha na kushusha nguvu ya wimbi linalorushwa. Ukiongea kwa nguvu, umeme unaoliwa nao unapanda. Ndiyo maana mwanga ulikuwa unacheza na maneno.

Hata hivyo njia zilikuwa bado mbili. Huenda lile wimbi la redio lilikuwa linavuja kwenye kebo ya antena na kuzisumbua skrini. Au huenda ni ule umeme wa ampea nne ndio uliokuwa unavuta kitu chini. Dalili zake zinafanana, dawa zake hazifanani kabisa. Nikafungua kebo ya antena nyuma ya redio, badala yake nikafunga kile kidude kinachoimeza nguvu yote ya redio bila kuirusha hewani. Nikabonyeza kitufe, nikahesabu moja hadi kumi kwa sauti. Skrini zikapepesa vilevile. Basi antena haina hatia.

Nikabaki na waya za ethi, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi ya ndege. Nilipima kwa mita kutoka waya wa hasi wa skrini hadi bodi ya ndege: omu 0.5 tu. Nikafurahi, kisha nikagusanisha nyaya za mita zenyewe: omu 0.3. Zaidi ya nusu ya nilichosoma ilikuwa waya za mita yenyewe. Kipimo cha namna hiyo hakiaminiki ukitafuta tatizo dogo kama hili. Nikageuza mita kwenye volti, nyaya zikiwa pale pale, redio imewashwa. Kimya: 0.03. Nikabonyeza kitufe na kuongea: 0.9. Karibu volti nzima ilikuwa inapotea mahali ambapo hapapaswi kupotea kitu.

Skrini hizi zilikuwa zimepangwa zifuate kitasa cha kuongeza na kupunguza taa za dashibodi: zinapima volti za zile taa, kisha zinapanga mwanga wao. Lakini zinapima kutoka kwenye ethi yao wenyewe. Ethi ikipanda kwa volti 0.9, zinaona kana kwamba rubani amepunguza taa, nazo zinatii. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinafanya kazi yake kwa uaminifu.

Kabla ya kufungua bolti yoyote nilichukua waya mmoja wenye vibanio, nikaunganisha hasi ya skrini na sehemu safi ya bodi. Nikahesabu tena moja hadi kumi. Mwanga ukatulia kama maji ya mtungi. Nikamwita Mzee, akaja na kikombe chake, akatazama, akasema tu, "Sasa ingia chini."

Kuingia chini ya dashibodi ya 206 ni kulala chali, kichwa kwenye pedeli, miguu juu ya kiti. Nilikuta bolti moja imebebeshwa vichwa sita vya waya: redio, skrini zote mbili, na vingine vya zamani. Mwongozo wa Marekani tunaoutumia, AC 43.13-1B, unataka visizidi vinne kwa bolti moja. Tena aliyefunga skrini, ambaye si sisi, hakukwangua rangi. Alibana juu ya rangi akategemea bolti yenyewe ipitishe umeme. Miaka ya chumvi ya pwani ikamalizia. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, hutoa unga mweupe kama wa sembe, na pale ulikuwepo wa kutosha.

Tulikata betri kwanza. Nikatoa vyote, nikakwangua kwa kitambaa cha msasa cha nailoni. Nyuzi za chuma hapana, vipande vyake vinabaki kwenye aluminiamu na kuanzisha kutu upya. Nikapaka Alodine, dawa ya kukinga aluminiamu isiliwe na kutu, nikaacha ikauke. Vichwa viwili nilivikata kwa sababu nyuzi za shaba zilishakuwa nyeusi ndani, nikabana vipya. Skrini nikazipa bolti yao peke yao, mbali na redio. Kazi ya kupima ilichukua siku tatu, hii ilikula mchana mmoja, na robo yake ilikuwa kuitafuta washa, kile kipete cha chini ya bolti, iliyoniponyoka mkononi. Ndani ya ndege huwezi kusema "itajitokeza". Lazima ipatikane.

Nilipopima tena nikiongea, mita ilisoma 0.01. Mzee akapima mwenyewe, akavuta kila waya, ndipo akasaini ndege irudi kazini.

Kapteni aliondoka kesho yake. Sisi tulikuwa mlangoni mwa karakana na redio ya mkononi, tukamsikia anaripoti amevuka futi elfu sita, kisha akatuita sisi.

"Fundi, ya juu imetulia. Na ya chini pia. Leo nimeiangalia."