Nilivyoishawishi Sacco yetu ilipie watoto chakula cha mchana

Sacco yetu, chama cha kuweka akiba na kukopa, iko Embakasi, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanachama wengi ni watu wa Pipeline na Mukuru kwa Njenga: kina mama mboga, mafundi, madereva wa matatu, walimu wachache, na sisi wa viwandani. Ukiweka akiba bila kuruka mwezi, unakopeshwa hadi mara tatu ya akiba yako kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, mradi upate wadhamini. Kwa mtu aliyewahi kuonjeshwa mikopo ya simu, hiyo peke yake ni huduma kwa jamii. Wanangu wamesomeshwa na mkopo wa karo wa Sacco hii, kwa hiyo sina ugomvi nayo.

Kilichokuwa kinanikera ni ile siku ya kurejesha fadhila kwa jamii. Kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, Siku ya Ushirika, viongozi wetu walikuwa wakikodi hema, wanavaa fulana mpya zenye nembo, wanagawa unga na mafuta ya kupikia kwa familia kadhaa mtaani, na picha zinapigwa. Baada ya mafuriko ya 2024, maji yalipoingia nyumba za Mukuru, wakaongeza blanketi. Si vibaya. Lakini pakiti ya kilo mbili ya unga, kwenye nyumba ya watu sita, haifiki Jumanne.

Nilianzia kwenye vitabu. Kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, wanachama hupewa taarifa ya hesabu zilizokaguliwa. Wengi wetu hujipepea nayo ukumbini. Mimi niliisoma nyumbani, nikakuta fungu moja limeandikwa "masoko na uhusiano mwema", basi, bila maelezo mengine. Nikamwendea meneja kwa adabu nikaomba mchanganuo. Alisitasita, kisha akautoa: hema, viti, spika, mpiga picha, fulana. Unga na mafuta vilikuwa vimekula sehemu ndogo. Hakuna aliyeiba kitu. Ni kwamba miaka yote hiyo hakuna mwanachama aliyekuwa ameuliza.

Sikutaka kusimama mkutanoni na lawama tupu, kwa sababu mtu wa lawama hupigiwa makofi na hoja yake ikafia hapo. Nilihitaji mahali pa kuipeleka hiyo pesa. Jirani yangu anafundisha shule ya sekondari ya kutwa hapa karibu, na ndiye aliyenifungua macho. Tangu 2023, watoto wa shule za msingi za umma hapa Nairobi wanakula kupitia mpango wa Dishi na County, mzazi akilipa shilingi 5 tu kwa sahani. Mtoto huyohuyo akiingia sekondari ya kutwa, mpango unamwacha mlangoni. Serikali imejipangia kumlipia kila mwanafunzi wa kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa ajili ya masomo, lakini sare na chakula ni vya mzazi.

Nikaenda kujionea. Saa saba kasoro, mpishi ameshusha sufuria ya githeri, wanafunzi wamepanga foleni, kila mmoja na kadi yake. Kadi ina miraba ya wiki za muhula, na karani hugonga muhuri kwenye mraba wa wiki iliyolipiwa. Wasio na muhuri hawakuwa kwenye foleni kabisa. Walikuwa maktaba. Nikasema angalau wanasoma. Mwalimu akacheka kidogo: "Hakuna anayesoma kule, ndugu yangu. Wanangoja kengele." Kufikia katikati ya muhula, akasema, baadhi hawangoji hata hiyo kengele, wanashinda kwenye vibanda vya kuosha pikipiki, na huko angalau watapewa chai.

Upande wa sheria ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Afisa wa ushirika wa eneo letu alinipa dakika chache akanieleza. Sacco yenye leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, kama yetu, ikipata ziada, lazima itenge kwanza isiyopungua asilimia 20 kwenye akiba ya kisheria, na hiyo haiguswi. Inayobaki hugawanywa kwa pendekezo la wakurugenzi na idhini ya mkutano mkuu. Maana yake sikuhitaji kubadilisha sheria ndogo za chama, jambo ambalo lingetupeleka hadi kwa Kamishna wa Ushirika kuzisajili upya. Nilihitaji mstari mmoja tu kwenye pendekezo la kugawa ziada: asilimia 1 ya gawio iende kwenye chakula cha shule.

Wakurugenzi niliwapata kwa maneno yao wenyewe. Misingi saba ya ushirika iliyopitishwa Manchester mwaka 1995 inaishia na ule wa kujali jamii, na mwenyekiti wetu huutaja kila Julai chini ya hema. Nilimwomba ndiye ausome mkutanoni kabla ya hoja yangu. Angekataaje?

Wanachama ndio walikuwa kazi. Ukimwambia mtu "asilimia moja ya gawio" anasikia gawio limekatwa, hasikii moja. Kwa hiyo nikawa nawafanyia hesabu palepale kwenye foleni ya ofisini. Una hisa za elfu 20. Gawio likiwa asilimia 10, unapata elfu mbili. Asilimia moja ya elfu mbili ni shilingi 20. Mandazi mawili, kwa mwaka mzima. Hapo mtu anacheka, na akishacheka mnaweza kuongea.

Si wote walicheka. Mama mmoja muuza omena aliniangalia toka juu hadi chini. "Kijana, hisa zangu nimeziweka kwa jasho. Nikitaka kutoa sadaka, kanisa naijua." Kisha akauliza swali ambalo lilinisumbua kuliko yote: watakaolishwa ni watoto wa wanachama au wa kila mtu? Wengi walitaka wa wanachama kwanza. Mimi nilikataa, maana hiyo ingekuwa marupurupu yetu tumeyaita jamii. Nilipoteza watu kadhaa kwa msimamo huo. Mwishowe tukakubaliana kwamba shule ndiyo itachagua kwa hali ya mtoto, na hakuna atakayeulizwa mzazi wake anaweka akiba wapi. Yule mama hakuridhika, lakini hakuipinga tena.

Siku ya mkutano hoja ilifika mezani watu wakiwa wanatupia macho kreti za soda. Mwanachama mmoja mwenye hisa nyingi akapendekeza tusiguse gawio, tukate badala yake ile bahasha ya nauli ya mkutano. Ukumbi ulilipuka! Nadhani yeye ndiye aliyetupitishia hoja, maana baada ya kutishiwa bahasha, shilingi 20 zilionekana si kitu. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Kwenye ushirika mwenye hisa za milioni ana kura moja, na mama mboga ana kura moja, na mikono mingi iliyoinuka ilikuwa ya watu wa hisa ndogo.

Utekelezaji tuliuweka mkavu makusudi. Pesa hazipiti kwa mzazi wala kwa mtoto, zinaingia akaunti ya shule mwanzo wa muhula na stakabadhi inarudi ofisini. Majina hubaki shuleni, sisi tunajua idadi tu. Kadi ya mtoto anayelipiwa na Sacco inagongwa muhuri uleule, kwa hiyo foleni haimtambui. Picha, hakuna. Kamati ya usimamizi hufika jikoni bila kupiga simu na kulinganisha daftari la mpishi na stakabadhi. Bei ya maharagwe ilipopanda, shule ilitaka nyongeza katikati ya muhula, tukasema hapana, subirini mgawanyo ujao. Walinuna, lakini walijipanga.

Siku ya Ushirika bado tunaiadhimisha, ila kwa hema moja dogo, na wapo wanaolalamika kwamba fulana ziliisha. Kwa mkutano ujao, yule bwana wa hisa nyingi ameandika hoja yake mwenyewe: anataka tufike asilimia 2, na jina la Sacco lipakwe ukutani pale jikoni kwa herufi kubwa. Asilimia nitaiunga mkono. Rangi nitaipinga, na nimeshaanza kuongea na watu kwenye foleni.