Gurudumu linaloruka

Ngamiani, Tanga. Jumapili usiku, feni imezimwa.

Nimeizima kwa mazoea tu. Miaka mitatu sasa sijawahi kusikiliza redio feni ikiwa inazunguka. Osileta yangu ya zamani, yaani saketi inayozalisha wimbi linaloipa redio masafa ya kusikiliza, ilikuwa koili niliyoiviringa mwenyewe juu ya kipande cha bomba la plastiki, pamoja na kapasita ya kuzungusha niliyoing'oa kwenye redio ya marehemu babu, na haikuvumilia upepo hata kidogo. Ukiielekezea feni, masafa yanapanda. Ukiizima, yanashuka. Msimu wa kaskazi ndio usiseme: naiweka kwenye megahezi 7.1 baada ya isha, naingia jikoni kumimina kahawa, nikirudi imeteremka kilohezi mbili na yule bwana wa Morse, anayetuma ujumbe kwa milio mifupi na mirefu, niliyekuwa namfuatilia kashapotea. Hata mwanangu akipitisha mkono karibu na kisanduku, sauti inapinda.

Basi mwezi uliopita nikaagiza bodi ndogo yenye chipu ya AD9850. Hii haitegemei koili wala kapasita kuamua masafa, inayapiga hesabu. Wazo lenyewe si la jana, akina Tierney, Rader na Gold walilichapisha Marekani mwaka 1971. Mimi limenifikia likiwa ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nilidhani nimelielewa. Kumbe nilikuwa nimelikariri, na hilo nililijua Ijumaa, nilipopeleka baiskeli kwa mzee fundi kuzibwa pancha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huonekani siku hizi. Umejifungia na nini huko ndani?"

Nikaanza kumweleza nikakwama sentensi ya pili, kwa sababu kila neno nililolishika lilikuwa la Kizungu. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa miguu juu, gurudumu la nyuma linaelea. Nikaishika rimu. Nikamwambia, chukulia hii valvu ya tyubu ndiyo umeme. Valvu ikiwa juu, umeme uko juu. Ikishuka, umeme nao unashuka. Gurudumu likizunguka taratibu, valvu inapanda na kushuka kwa ulaini, na hilo ndilo wimbi. Osileta ya zamani ilikuwa inaliviringisha gurudumu. Hii mpya inalirusha. Ndani ya bodi kuna saa ya kristali inayogonga mara milioni 125 kwa sekunde. Kila ikigonga, gurudumu linaruka hatua moja, ileile, haipungui wala haizidi, kisha chipu inatazama valvu imefika kimo gani na kutoa umeme wa kimo hicho. Ukitaka masafa ya juu unaipa hatua ndefu, ukitaka ya chini unaipa fupi.

"Hatua unapimaje?"

Hapo nikafurahi, maana ndipo utamu ulipo. Duara zima limekatwa vipande 4,294,967,296. Hizo ndizo biti 32, yaani idadi ya namba zinazoandikika kwa sifuri na moja 32. Kwa megahezi 7.1, hatua moja ni vipande 243,954,142. Kwa hiyo gurudumu linamaliza duara kwa miruko 17 na ushei, na ule ushei hautupwi, duara linalofuata linaanzia hapohapo. Ukiongeza kipande kimoja tu kwenye hatua, masafa yanasogea kwa hezi 0.029. Koili yangu ilikuwa inapotea hezi elfu mbili kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Mzee akalizungusha gurudumu kwa kidole, akalisimamisha, akalizungusha tena kwa vishindo. "Sasa likiruka hivi, anayepanda si atatikisika?"

Atatikisika, kweli. Chipu ikitoa 7.1 inatoa na kivuli chake kwenye 117.9, yaani 125 ukiondoa 7.1. Ndiyo maana mbele yake panawekwa kichujio cha koili na kapasita kinachopitisha masafa ya chini na kuyazuia ya juu.

"Ahaa. Koili zimerudi." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akiwa anasugua tyubu kwa msasa, bila hata kunitazama: "Na hiyo saa inayogonga, nani anaihakiki?"

"Kristali hiyo mzee. Haikosei."

Hakunijibu. Alipaka gundi.

Jumamosi nilikaa kutwa na chuma cha kulehemia. Betri ya pikipiki ya volti 12, inashushwa mpaka volti 5, maana kwa volti 3.3 chipu hii haikuahidiwa saa inayogonga zaidi ya megahezi 110 na kristali yangu ni ya 125. Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja, inapeleka namba kwa waya moja, biti baada ya biti, 32 za hatua na 8 za maagizo. Nikawasha. Skrini ikaandika 7.100.000 kwa madaha. Chipu ikapata uvuguvugu chini ya kidole, kwa hiyo iko hai. Kwenye redio, kimya. Nikarudia lehemu zote. Kimya. Mke wangu akaniuliza kama nitakula sasa au kesho.

Baada ya kula ndipo nikaona. Chipu inataka biti ndogo itangulie, mimi nilikuwa naanza na kubwa. Nikaigeuza ile namba kwenye karatasi, nyuma mbele, nikapiga hesabu: ilikuwa inaimba kwenye megahezi 60.33. Yaani saa nzima naituhumu kuwa bubu, kumbe iko mtaa mwingine inapiga kelele! Mstari mmoja wa programu ukabadilika, na pale 7.1 ukatokea mluzi mmoja umenyooka. Nikaelekeza feni. Haukutikisika. Mwanangu akapitisha mkono, akapitisha tena, akachoka, akaenda kulala.

Ningelala na mimi. Lakini swali la mzee lilikuwa limekaa sikioni kama mchanga.

Nikachukua redio ndogo ya mawimbi mafupi nikaiweka megahezi 10, masafa ambayo WWV ya Marekani na BPM ya China hutangazia saa, na vituo hivyo havina mzaha na usahihi wa masafa. Usiku ule tikitiki zilisikika, hafifu lakini zipo. Nikaiweka osileta 10.000.000, nikasogeza kipande cha waya karibu na antena. Badala ya kimya kukaja mngurumo mzito, kama meli inayonguruma mbali bandarini. Mngurumo ni tofauti ya masafa mawili. Nikashusha kidogo kidogo, mngurumo ukazama, ukawa mapigo, ukawa kama pumzi ya mtu aliyelala, ukatulia. Skrini ilisoma 9.999.910.

Hezi 90. Kristali yangu ya milioni 125 kumbe inagonga 125,001,125. Skrini ilikuwa inaniandikia tarakimu saba bila haya na ya sita tayari si kweli. Koili ya babu ilikuwa inakosea hadharani, kila mtu anasikia. Hii ilikuwa inakosea kwa utulivu, kiasi kilekile jana na leo, na ningeweza kuishi nayo mwaka mzima nikiiamini. Dawa yake ni rahisi: unaiandikia programu namba halisi ya saa badala ya ile iliyochapwa juu ya kristali, hatua zote zinajipanga upya.

Kwa sasa ni ya kusikilizia tu. Kurusha hewani kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ishara ya wito yenye 5H ya Tanzania mbele, na hilo nalishughulikia kwa mwendo wa karatasi. Usiku huu nimekaa na Morse kwenye 7.030 tangu saa tatu, na sasa ni saa sita kasoro. Kapasita ya babu nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini.

Ila kuna kitu osileta ya zamani haikuwa nacho. Ngazi za umeme za chipu hii ni 1,024 tu, kwa hiyo kimo cha valvu mara nyingi kinakadiriwa, na makadirio hayo yanazaa vifilimbi vyembamba huku na huko kwenye masafa. Mara ya kwanza nilidhani ni mtu ananiita. Nimevipata vitatu mpaka sasa. Nimeviandika kwa kalamu ya wino kwenye plasta nikaibandika juu ya kisanduku, na plasta nimeacha nafasi.