Farasi anakoroma akikimbia, mnamchoma oksitetra ya nini?

Kamwene wadau, leo tuweke ng'ombe pembeni kidogo maana wiki iliyopita nimepigiwa simu kutoka Mufindi, mzee mmoja ana farasi wa mbio wa miaka mitatu kamtoa Kenya, anasema dokta huyu mnyama ana mafua hayaponi, tumeshamchoma oksitetra, ile antibiotiki, mara mbili na bado anakoroma. Nikamuuliza, mzee, anakoroma akiwa amesimama? Akasema hapana, akikimbia tu. Basi nikajua sindano zote mbili zimeenda bure.

Nimefika asubuhi ukungu bado umelalia chai, farasi yupo bandani anatafuna zake, pua safi, joto nyuzi 38, nikamshika chini ya taya hakuna uvimbe (anzeni hapo siku zote, farasi wadogo wana ule ugonjwa wa tezi, zinavimba zinapasuka usaha na banda zima linaambukizwa). Nikamwambia saisi, yule mtunza farasi, mpandishe kile kilima, mkimbize kweli kweli. Walivyonipita nikasikia, kila akivuta pumzi, hoooo, hoooo, kama vijana wa mbao kule msitu wa Sao Hill wanavuta msumeno.

Sasa farasi hahemi kwa mdomo kama mbwa, hewa yote ni puani, na akishachanganya mbio kila mruko mmoja ni pumzi moja, kwahiyo koo likibana hana ujanja. Mlio kama ule mara nyingi ni koromeo limelegea upande wa kushoto, mshipa wa fahamu wa upande huo una safari ya ajabu, unatoka kichwani unashuka mpaka kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo ndo unarudi tena kooni, na kwa farasi warefu ndo unachoka zaidi. Kuna wengine wanaguguma wakitoa pumzi halafu ghafla mwendo unakata, hiyo ni kaakaa laini imepanda juu ya kidakatonge (kile kifuniko cha njia ya hewa), hao wakiwa wadogo wengi wanatulia wakikomaa na mazoezi yakikolea, na kuna wanaowafunga ulimi kwa kitambaa siku ya mbio. Ila kuthibitisha lazima kamera ipite puani, mimi sina.

Mzee akauliza, operesheni je? Nikamwambia ipo, wanavuta gegedu la koo kwa uzi libaki wazi moja kwa moja, lakini kumbuka lile gegedu ndo mlango, ukishaacha mlango wazi chakula nacho kinaweza kuingia njia ya hewa, utakuwa na farasi wa kukohoa, unamlowekea nyasi na kumlisha chini. Kama ni wa kutembeza wageni kwenye chai unampasua wa nini? Akacheka lakini sio kwa kufurahi, kumbe ndoto yake ni kumpeleka akashindane uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi.

Tumekubaliana nyasi ziloweshwe vumbi lipungue, mbio zisimame, yeye atafute daktari mwenye kamera Nairobi. Natoka getini nageuka nyuma, saisi kashamfunika blanketi kichwani anamfukiza mkaratusi.