Picha za mikono ya wajane wa vihambani

"Mpige akiwa analia, ndipo watu wataguswa." Hivyo ndivyo nilivyoshauriwa nilipoanza kupiga picha za wajane wanaofukuzwa vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, mkoani Kilimanjaro, na ushauri huo unanikera hadi leo, kwa sababu niliufuata na aliyeumia hakuwa mimi. Katika maonyesho yangu ya kwanza, tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu, niliweka picha ya mama mmoja akilia mbele ya mlango uliofungwa kufuli na shemeji zake. Watazamaji walisema "maskini", wengine wakaacha noti, lakini hakuna aliyeuliza sheria inasemaje. Wiki haikuisha kabla picha ile haijazunguka kwenye simu hadi ikawafikia shemeji wenyewe, nao wakamwambia kwamba ameuaibisha ukoo. Nilipokwenda kumwomba radhi, aliniuliza, "Mwanangu, mbona hukupiga masale niliyoyapanda mwenyewe?"

Masale ndiyo alama ya mpaka kwa Wachagga, na swali hilo lilinifunza zaidi ya mafunzo yote niliyolipia. Nilianza upya bila sura ya mtu: mkono wake ukiwa umeshika masale ya mpakani, mpini wa jembe uliolika pale anapoushika, kahawa alizozipogoa tangu alipoolewa. Nilipiga asubuhi kukiwa na wingu, kwani adhuhuri migomba hutia picha madoa ya kivuli. Kila picha aliiona yeye kwanza, na aliyoikataa niliifuta palepale.

Safari hii sikutafuta ukumbi. Nilitundika picha sokoni kwa kamba ya kuanikia nguo na vibanio, gharama yote pamoja na kuzisafisha ikiwa kama elfu themanini hivi. Chini ya kila picha niliweka kadi inayoeleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu ni wanawake.

Wazee walibishana mbele ya ule mpini kwa muda mrefu. Muuza ndizi mmoja aliyesikiliza kimya aliniomba kadi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Tangu siku hiyo kila picha ninaitundika pamoja na nakala za kadi za kuchukua.